Kanda Isiyo na Namba

Mvua ya Blaenau haina haraka.
Inagonga paa la mawe
kama mtu anayehesabu sarafu asizoziamini.
Chumba cha nyuma, nimetoka zamu ya usiku,
naiwasha deki niliyonunua kwa mjane mmoja wa Bethesda;
inaimeza kanda ya kwanza kwa mkoromo.

Juu ya lebo, mwandiko wa baba mkwe, Hefin,
wino wa kijani wa ofisi ya machimbo:
"Arusi ya Eluned, 1."
Ya pili haina jina wala namba.
Ina doa la chai.

Kazi yenyewe ungemweleza mtoto:
kanda inacheza, kompyuta inaandika,
faili na faili zinaungwa, zinachomwa kwenye diski,
na diski anapewa mama mkwe Jumapili
atakapotimiza themanini.
Lakini kamba hukatikia pembamba.

Mara ya kwanza niliunga mkia kwa kichwa, basi.
Picha ikashtuka kama mguu uliokosa ngazi,
sauti ikaitangulia midomo,
mchungaji Idwal akawabariki watu
kinywa bado amekifumba.
Mara ya pili, weusi wa nusu sekunde.
Lleucu, akipita na kapu la nguo mbichi:
"Kwani umeme ulikatika arusini kwa dada?"

Nimejifunza kwa kuchelewa kulala.
Faili ziwe na kimo kimoja, mwendo mmoja,
fremu ishirini na tano kila sekunde, zisizidi wala kupungua.
Kata pale mtu anapogeuka, mlango unapofungwa,
jicho la mtazamaji lina shughuli nyingine.
Na sauti usiikate pamoja na picha:
itangulize ivuke,
kama fimbo ya mtu apimaye kina,
miguu ifuate.

Yote hayo nayaweza sasa. Ila pale kwenye keki.

Kanda ya kwanza inaishia hivi:
Eluned ameinua kisu,
mama yake, Morfudd, yuko pembeni na kofia ya zambarau,
anatazama moja kwa moja kwenye lenzi, kinywa kinafunguka —
buluu.
Kanda ya pili: keki imeliwa nusu,
rangi zote zimeingia unjano, mkono wa mpigaji unatetemeka,
watu wanacheka kitu ambacho sikukikuta.

Nilidhani kanda ilijaa. Nikaiacha izunguke.
Dakika kumi na moja tupu zilikuwa zimebaki.

Nikauliza. Eluned kwa simu: mama alisema keki imeinama.
Lleucu, aliyekuwa na miaka tisa na viatu vinavyombana,
anakumbuka viatu.
Mwisho nikamwuliza mwenyewe, akimenya viazi.
Hakuinua kichwa.
"Nilimwambia Hefin aweke hicho kidude chini, aje ale.
Iliyobaki alipiga Dilwyn wa buchani, kwa kamera yake."

Nikarudi kwenye kanda ya pili.
Naam: upande wa kushoto, krimu kwenye tai,
mtu ambaye saa nzima ya kwanza alikuwa pumzi tu nyuma ya picha,
kikohozi, kivuli kwenye nyasi,
sasa ameketi, uma mkononi, mdomo umejaa.

Nikapunguza unjano. Nikatafuta mng'ao wa kisu,
nikakata humo humo kwenye mng'ao;
kinubi nikakiazima nyuma kidogo, kabla ya keki,
nikakilaza juu ya mshono
kivuke hadi ndani ya kicheko cha kanda ya pili.

Jumapili tulibanana sebuleni, watu kumi na wanne.
Kisu kikainuka, kikamemeta, keki ikawa nusu;
hakuna aliyepepesa.
Wajukuu wakaendelea kugombea biskuti.
Mama mkwe peke yake
alijisogeza kidogo kwenye kochi,
kama anayempisha mtu akae.